Nani Atakuangalia Ukimeza

Siku ya kwanza ya dawa za kifua kikuu, sista atakuuliza maswali mengi, lakini la kuogopa ni moja tu. Atakuuliza, "Nani atakuwa anakuangalia ukimeza?" Wewe umechoka, umekohoa mpaka mbavu zinauma, umekaa kwenye benchi tangu asubuhi na unataka kwenda nyumbani. Utataja jina la kwanza linalokujia mdomoni. Usilitaje. Omba ruhusa uende chooni, ukae huko, ufikirie vizuri, halafu ndipo urudi kujibu.

Mimi sikwenda chooni. Nilisema, "Dada yangu, Rodah." Jina hilo lilinichukua miezi miwili kulitoa kwenye kadi, na karibu liniue kabla ya ugonjwa wenyewe kuniua. Mambo ya dawa na wadudu utaelezwa na wenye kazi yao. Mimi nitakueleza habari za jina.

Nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu Kitengela. Nilihamishiwa huko kutoka Vihiga katikati ya miaka ya tisini, wakati Kitengela ilikuwa barabara ya Namanga, maduka machache na uwanda mpana, na pundamilia wangeweza kupita nyuma ya choo cha walimu bila mtu kushangaa. Rodah alinifuata mwaka uliofuata. Ni mtoto wa mama mkubwa, kwa hivyo kwetu ni dada kabisa, na kwa kuwa alinitangulia kuzaliwa kwa miaka miwili, ni dada wa kuheshimiwa. Alipata kazi ya kushona kiwandani Athi River, akapanga chumba mlango wa pili na changu kwenye ploti ileile. Mimi sikuwa na mume. Rodah alikuwa na nusu mume, dereva wa lori aitwaye Pius, ambaye alimwacha kila alipoelekea Namanga na kumrudia kila alipotoka huko.

Kwa hivyo nilikuwa na kazi mbili, ualimu na Pius. Mchana nilifundisha kujumlisha na kutoa. Jioni nilimsikiliza Rodah akinieleza Pius alisema nini, alisemaje, alikuwa anaangalia wapi alipokuwa akisema, na mimi naonaje. Nikisema Pius ni mtu mbaya, Rodah alinikasirikia kwa kumtusi Pius. Nikisema ni mtu mzuri, alinililia kwamba simwonei huruma. Miaka sita hivi. Nilijua ukubwa wa viatu vya Pius na sikuwahi kumwona akiwa amevua kofia.

Ugonjwa ulianza Januari, vumbi likiwa kila mahali. Nilisingizia chaki. Tukaletewa chaki ya aina nyingine, nikasingizia saruji ya viwandani. Kisha nikaanza kuamka shuka likiwa limelowa jasho, na sketi yangu ya kijivu ikawa inazunguka kiunoni, zipu mara iko nyuma, mara iko mbele. Rodah aliitazama siku moja, akanivua, akaipunguza kwa mkono wakati huohuo, mshono umenyooka kama mstari wa rula. Alishona vizuri sana Rodah, lazima niseme. Alishona huku akinieleza habari za Pius.

Kutoka nyumbani hadi shuleni ni dakika kumi na tano kwa mguu. Ikawa nasimama mara tatu njiani kupumua: kwenye mashine ya kusaga unga, kwenye bucha, na kwenye tangi la maji karibu na lango la shule. Mwenye bucha alidhani nampenda, kwa vile kila asubuhi alinikuta nimekumbatia nguzo yake nikihema. Alianza kuvaa koti safi. Nilitamani kumweleza, lakini pumzi ya kueleza sikuwa nayo.

Zahanati ya karibu ikanituma hospitali Kajiado. Huko unapewa kikopo chenye kifuniko, unaambiwa uende nyuma ya jengo, kwenye hewa, ukohoe kutoka ndani kabisa. Nilikuta wenzangu sita, kila mmoja amegeukia upande wake kwa heshima, vikopo mkononi. Mzee mmoja mwenye shuka jekundu alikuwa na kikohozi kizito cha chini. Mama mmoja wa Isinya alikuwa na chembamba cha juu. Mimi nimefundisha kwaya ya shule miaka mingi, na nusura niwapange kwa sauti.

Makohozi yalisema ndiyo. Nilipimwa na ile nyingine pia, maana miaka hiyo ukikonda tu, ploti nzima imeshakupima kwa macho. Sikuwa nayo. Haikunisaidia kitu, kwa sababu ploti haikuletewa majibu.

Sista wa kliniki ya kifua alikuwa mama mfupi mwenye miwani, asiyecheka ovyo. Alinieleza polepole kama ninavyowaeleza watoto. Miezi minane. Miwili ya kwanza ni dawa nyingi kila asubuhi, sita iliyobaki ni chache. Dawa zinakaa kwa msimamizi, si kwangu. Msimamizi anakuja, ananiangalia nikimeza, anatia tiki kwenye kadi. "Ukirukaruka siku," akasema, "utarudi hapa uanze upya na sindano. Kila siku, miezi miwili. Na huyu mdudu akizoea dawa, mwalimu, sina nyingine ya kukupa. Umenielewa?"

Nilimwelewa. Ndipo akauliza lile swali, nami nikamtaja Rodah, aliyekuwa amekaa kando yangu na tayari ameanza kulia. Sista aliinuka akampa kiti chake. Ningekuwa na akili ningeona hapohapo mambo yanaelekea wapi.

Saa kumi na mbili kila asubuhi Rodah aligonga, akaingia na mkoba wake mweusi. Ndani ya mkoba huo dawa zangu zilikaa pamoja na kitana, lipstiki na picha ndogo ya Pius. Mimi nimeshamimina maji kwenye kikombe, nimeketi, mdomo uko tayari. Rodah anaketi pia. Mkoba anaupakata. Halafu anasema, "Kwanza nikuambie."

Jamani. Sijui kama umewahi kusubiri dawa yako mwenyewe mpaka umalize kusikiliza kwanza. Dawa hizo unameza tumbo likiwa tupu, na mimi saa moja natakiwa shuleni. Rodah alieleza. Saa ilisogea. Kila nilipoutazama mkoba aliushikilia zaidi, kama kwamba natazama mambo yake. Siku moja nilijikaza nikamwambia, "Dada, tuanze na dawa, halafu utanieleza." Alinitazama. "Kumbe mimi ni kabati?" akauliza. "Kumbe unanisubiri nifungue tu, nitoe, nifunge?" Nilimwomba msamaha robo saa nzima. Nilifika shuleni nimechelewa, na kwenye bucha nilisimama kwa muda mrefu mpaka mwenye bucha akaniletea kiti.

Wiki ileile nilienda chooni nikaona mkojo mwekundu. Sista alikuwa amenionya kwamba dawa hizo zitaubadilisha rangi, lakini hofu haina kumbukumbu. Nilitoka nimeshikilia ukuta. "Rodah! Nakojoa damu!" Rodah alipiga nduru, akaketi chini palepale mlangoni pa choo cha ploti, akaanza kunililia kama kwamba nimeshalazwa kwenye jeneza: nani atampelekea mama habari, nani atasafirisha mwili, na yeye sasa atabaki na nani Pius akienda Namanga. Majirani walitoka na miswaki mdomoni. Mimi, mgonjwa, nilimwinua, nikampeleka chumbani kwangu, nikamfuta uso, nikampikia uji. Uji ulipoanza kuchemka ndipo nikakumbuka maneno ya sista. Nilimwachia Rodah uji wote kwa aibu.

Sasa nifike kwenye kosa langu, maana kosa ni langu. Nilianza kumkimbia. Nilikuwa naamka saa kumi na moja, nafunga mlango taratibu, nashika viatu mkononi mpaka nje ya lango, naenda shuleni kukaa peke yangu darasani. Nikiulizwa, nilisema niko zamu. Nilikuwa zamu wiki tatu, shule yenye walimu kumi na wawili. Na kwa sababu dawa zilikaa kwenye mkoba wa Rodah, nikimkimbia Rodah nilikuwa nazikimbia dawa pia. Nilijua. Kila asubuhi nilijua. Nilijiambia, leo tu. Mtu mzima, mwalimu wa sayansi na hesabu, nikawa nahatarisha mapafu yangu kuliko kumwambia dada yangu atoe vidonge kwanza.

Rodah naye hakutaka kuaibika mbele ya sista. Jumapili baada ya kanisa aliichukua kadi akatia tiki za wiki nzima, hata za siku ambazo hazijafika. "Najua wewe si mtu wa kukosa," akasema. Mimi, ambaye mtoto akinidanganya kwenye rejista namwita mzazi wake, niliitazama kadi hiyo ikiwa imejaa tiki nzuri za bluu, nikamrudishia.

Mvua kubwa ikaanza. Udongo mweusi wa Kitengela ukishika mvua unakushika na wewe, unatembea na shamba zima chini ya viatu. Mwezi wa nne, shule zimefungwa, tulirudi Kajiado mimi na Rodah, nikapewa kikopo, nikaenda nyuma ya jengo. Mzee wa shuka jekundu alikuwepo, lakini sasa alikohoa kidogo tu, kwa taabu, kama mtu anayedaiwa wimbo alioshausahau. Alikuwa amenenepa. Mimi nilikohoa vizuri mno.

Tuliitwa kwa sista. Mlango wake ulikuwa wazi na benchi la wagonjwa liko palepale nje, kwa hivyo watu kumi walisikia kila kitu. Sista aliangalia karatasi ya maabara, akaangalia kadi, akaangalia karatasi tena.

"Mwalimu, mdudu bado yuko."

Akanisukumia kadi.

"Kadi inasema umemeza kila siku. Hata kesho umemeza. Kesho ni lini?"

Sista alimgeukia Rodah. "Leta dawa zilizobaki."

Rodah alifungua mkoba. Alitoa kitana. Alitoa lipstiki. Alitoa Pius. Halafu akaanza kutoa vidonge, na vidonge havikuisha. Sista alivipanga mezani kwa kidole, kama anayepanga mahindi ya bao. Zilikuwa dawa za siku kumi na tano.

"Hizi ni za nani?"

Ndipo Rodah akaangua kilio. Alilia kwa sauti: kwamba anaamka kila siku kwa ajili yangu, kwamba anagonga mlango hakuna anayefungua, kwamba hakuna anayejua mzigo alionao, na Pius naye ana wiki mbili hajaonekana. Benchi zima lilisimama. Mama wa Isinya alimshika bega. Mzee wa shuka jekundu, Mungu ambariki, alimpa kitambaa chake cha kukoholea. Mtu mmoja ambaye hata hatumjui alinitazama vibaya, akasema, "Huyu dada yako anateseka sana na wewe."

Mimi ndiye niliyekuwa na kifua kikuu! Nilitaka kupiga kelele. Badala yake nilisikia mkono wangu unanyanyuka wenyewe kwenda kumpapasa Rodah mgongoni, jinsi ulivyozoea, na nikauona ukiwa hewani: mifupa, ngozi, na saa ya mkono imeteremka mpaka kwenye kiwiko. Niliurudisha mapajani.

Sista hakuwa anamtazama Rodah. Alikuwa ananitazama mimi. "Mwalimu," akasema kwa sauti ya chini, "huu ugonjwa hauna adabu. Haujui kama wewe ni mtu mzuri. Nakuongezea mwezi mmoja wa dawa nyingi. Ukirudi hivi tena, ni sindano, na baada ya sindano sijui."

"Nataka mtu mwingine," nikasema.

"Sikusikia."

"Nataka mtu mwingine wa kuniangalia nikimeza. Sio dada yangu."

Kilio cha Rodah kilikatika kama redio iliyoishiwa betri. Sista alichukua kalamu, akapiga mstari mmoja juu ya jina la Rodah, akangoja. "Nani?"

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Nilitafuta jina kichwani nikakuta hakuna. Miaka sita jioni zangu zote zilikuwa za Pius. Walimu wenzangu niliwakatalia walipokuwa wakinialika chai, maana Rodah ananisubiri. Majirani walinijua kama yule anayembembeleza yule. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na nne, na mtu pekee aliyekuja mlangoni kwangu kila siku mbali na Rodah alikuwa mama wa maziwa.

"Mama Nashipae," nikasema. "Ananiletea maziwa."

"Anajua kusoma?"

"Sidhani."

"Anakuja kila siku?"

"Hajawahi kukosa. Hata mvua ikinyesha."

Sista aliandika.

Mama Nashipae alitoka upande wa ndani, huko nyuma ya ploti za mwisho, na dumu lake la maziwa mgongoni. Tangu nimjue tulikuwa tumezungumza maneno manne kwa siku. Nilimweleza jambo hilo nikidhani atanikimbia kwa sababu ya ugonjwa. Alisikiliza mpaka mwisho. "Ng'ombe yangu iko na dawa pia," akasema. "Napatia, napatia, inapona. Leta hiyo makaratasi."

Kuanzia kesho yake mambo yalikuwa hivi. Anagonga. "Sopa, mwalimu," ananisalimu kwa Kimaasai. "Epa." Anatua dumu. Anatoa dawa kwenye kitambaa alichokifunga kwapani. "Meza." Nameza. "Fungua." Nafungua mdomo. Ananishika kidevu, anakigeuza kwenye mwanga, anaangalia chini ya ulimi na kwenye mashavu yote mawili, kama anavyofanya kwa ndama anayeficha dawa. "Iko sawa." Anachukua kalamu yangu nyekundu na kuchora kwenye kadi alama ya ng'ombe wa mume wake, kimstari na kikato. Anapima maziwa, anaenda. Dakika tatu. Sista alipoiona kadi yenye chapa za ng'ombe aliivua miwani akaifuta, na nadhani siku hiyo alicheka.

Usidhani nilifurahi. Wiki ya kwanza nilikaribia kulia. Nilikuwa nimezoea kelele, na sasa nilikuwa nameza dawa na kubaki na mimi mwenyewe saa kumi na mbili na dakika tatu. Asubuhi moja nikaanza kumweleza Mama Nashipae habari za Rodah, tangu mwanzo, tangu Vihiga. Nilifika Pius wa kwanza. (Kulikuwa na Pius wa kwanza.) Aliniacha nimalize sentensi moja. "Mwalimu, hiyo maneno iko mrefu," akasema, "na maziwa itaharibika." Akaenda.

Nilikasirika. Kisha nikabaki nimeshika kikombe nikajiuliza ni lini nilijifunza kuanza na "Kwanza nikuambie."

Na kuna jambo lingine ambalo sipendi kulisema, lakini nimesema nitakusaidia. Nilimkosa Rodah. Sikuikosa ile mizigo. Nilikosa kuwa yule anayeibeba. Rodah alipokuwa akilia kwangu, mimi nilikuwa mtu mwenye busara na nguvu, mtu ambaye bila yeye mambo hayaendi. Bila Rodah nilikuwa mwanamke mwembamba kwenye chumba kimoja, anayekojoa rangi ya Fanta. Nilimkimbia akiwapo, na alipoondoka nilimtafuta kwa masikio kupitia ukutani.

Rodah naye hakukaa kimya. Alipiga simu nyumbani. Mama yangu akapiga simu shuleni, kwenye ofisi ya mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu akajifanya anasoma gazeti huku limegeuka juu chini.

"Agneta, nasikia umemwacha dada yako ukachukua Mmasai."

"Mama, nimechukua mtu wa kunipa dawa."

"Damu yako inalia."

"Mama, inalia tangu lini?"

"Tangu azaliwe," akasema. Halafu, kwa sauti ndogo: "Siku alipokufuata Kitengela, mimi na mama yako mkubwa tulilala mchana kutwa. Hatujawahi kulala vile."

"Kumbe mlinitupia?"

"Hatukukutupia. Wewe ulikuwa unamweza."

Iliniuma, nisikudanganye. Iliniuma kuliko mbavu. Nilikaa kwenye kiti cha mwalimu mkuu bila kukaribishwa. Miaka yote nilidhani nimechaguliwa kwa moyo wangu mwema, kumbe nilichaguliwa kwa sababu sijui kukataa. "Simwezi tena, Mama," nikasema. "Nikimweza yeye, nakufa. Sista amesema." Nikasikia anavuta pumzi. "Basi meza dawa," akasema. "Rodah atapiga huku. Tutamsikiliza mimi na mama yako mkubwa kwa zamu." Mwalimu mkuu alinimiminia chai. Gazeti lilikuwa bado juu chini.

Mwezi wa tano makohozi yalisema hapana. Nikaanza dawa chache. Baridi ya Julai ilikuja, ukungu ukafunika uwanda wote, Mama Nashipae akawa anafika kama shuka linalotembea. Njaa ilinishika, njaa ya ajabu, ya kula ugali na kuitazama sufuria. Niliacha kusimama kwenye tangi la maji. Walimu wenzangu walinialika chai nikaenda, na nikagundua kwamba mwalimu wa darasa la tano, ambaye nilimdhania mkali, ana vichekesho vibaya sana na anacheka kabla ya kuvimaliza. Agosti nikaacha kusimama kwenye mashine ya unga. Bucha ndiyo ilibaki. Mwenye bucha aliendelea kuvaa koti safi.

Rodah tulikutana kwenye bomba la maji la ploti. Alinipa mgongo miezi miwili. Baadaye akaanza kujibu salamu. Nilisikia kwamba sasa alikuwa akimpelekea mke wa mchungaji habari zake, na nikaamini siku nilipomwona mke wa mchungaji, mwanamke mnene na mwenye heshima zake, akipita mbio nyuma ya duka la mbao na mwamvuli umemfunika uso. Nilimwonea huruma. Sikumfuata.

Septemba sketi ya kijivu ilikataa kufungika. Ule mshono wa Rodah ulionyooka ulikuwa unanibana tumboni. Nilikaa kitandani na wembe nikaufumua uzi mmoja mmoja, kisha nikaishona upya mwenyewe. Sijui kushona. Nilijidunga vidole, na mshono ulienda ulikotaka.

Dawa ya mwisho niliimeza Novemba, mvua za vuli zimeanza. Sista alikuwa ameshaandika kwenye kadi kwamba nimepona, akanipa mkono, akasema hataki kuniona tena. Asubuhi iliyofuata Mama Nashipae aligonga kama kawaida. "Sopa, mwalimu." "Epa." Nikafungua mdomo. Alinishika kidevu, akakigeuza kwenye mwanga, akaangalia kila upande.

"Hakuna dawa," akasema. "Funga."

Tulicheka mpaka maziwa yakamwagika. Alikuwa bado mlangoni anafunga dumu lake Rodah alipotokea, kanga kichwani, macho yamevimba. Mama Nashipae alimtazama, akanitazama, akaenda zake.

"Agneta, Pius ameenda."

"Pole, dada." Na nilimaanisha.

"Safari hii ni kweli. Amechukua hata redio." Aliketi kwenye kiti chake cha zamani, akaupakata mkoba. "Kwanza nikuambie..."

"Chai iko kwenye thamosi," nikasema. "Mkate uko chini ya sahani. Mimi naenda shule."

Alinitazama kama kwamba nimesema kwa Kimaasai. "Unaniacha nikilia?"

Mkono ulitaka kunyanyuka, nikaupa mfuko wa vitabu uushike. "Ndiyo, dada. Ukimaliza kulia, unywe chai. Ufunguo uache chini ya ndoo."

"Na jioni?"

"Jioni nina chai na walimu. Jumapili tutaenda kanisani pamoja ukitaka. Lakini Pius mimi nimemaliza."

Nilingoja nduru. Haikuja. Rodah alifuta pua, akaniangalia kuanzia juu mpaka chini, macho ya fundi yakasimama kiunoni.

"Nani alikufumulia hiyo sketi?"

"Mimi."

"Mshono umepinda."

"Najua."

Nikatoka. Nyuma yangu nilisikia kifuniko cha thamosi kikifunguliwa.

Matope yalikuwa mengi. Nilikuwa nawaza watoto, kwamba wiki ijayo ni mitihani na nusu yao bado hawajui kugawanya. Mtu akaniita kwa nguvu. Nilipogeuka nilimwona mwenye bucha amesimama nje, koti jeupe, karibu na nguzo yake, na mimi nimeshampita mbali, niko kwenye tangi la maji.

"Mwalimu! Leo husimami?"

Nilimpungia mkono. Nikaingia darasani, nikaandika tarehe ubaoni, nikaita majina yote kwenye rejista. Rodah nilimkumbuka saa nne, wakati wa chai.